Buibui wa nyumbani kwako ni yupi? Namna ya kumtambua kwa rangi na madoa, na kwa nini rangi uiache mwisho

Kilichonifundisha ni stuli. Ile ya plastiki ya kukalia ukifua, ilikuwa inalala uani karibu na karo, na siku moja asubuhi nikaigeuza niipanguse vumbi nikakuta chini yake, pale kona ya mguu, kuna kabuibui ka rangi ya ugoro, tumbo duara kama mbaazi, utando wake umevurugika tu hauna mpango. Mimi wakati huo nilishasoma soma mitandaoni habari za mjane mweusi, yule buibui mwenye sumu kali, kwa hiyo nikajiona najua, nikasema yule anayeumiza ni mweusi tii kama lami na huyu ni kahawia, hana shida, nikaanza kutoa utando kwa kidole. Kidole, ndiyo. Akajikunja akadondoka kama amekufa, tumbo juu, na pale chini ya tumbo nikaona alama ya rangi ya chungwa, pembetatu mbili zimegusana kwa ncha kama ngoma iliyobanwa kiuno. Pembeni yake kulikuwa na vimpira vitatu vya rangi ya maziwa vina miba miba, kama vishokishoki vidogo. Stuli niliitupa huko.

Huyo ndiyo mjane wa kahawia, Latrodectus geometricus kwa jina la kitaalamu, ukoo mmoja na mjane mweusi, na hapa kwetu pwani amejaa. Tangu siku hiyo nikawa na kaugonjwa ka kupiga picha kila buibui ninayemuona, nyumbani wamenizoea sasa, na kitu kikubwa nilichojifunza ni hichi: usiulize ni rangi gani, uliza rangi iko wapi. Doa jekundu la mgongoni na doa jekundu la chini ya tumbo ni habari mbili tofauti kabisa.

Haya twende, hatua kwa hatua, ila nitaruka ruka kidogo.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwanza ni buibui

Inaonekana ya kijinga lakini nusu ya picha ninazotumiwa WhatsApp sio buibui. Hesabu miguu, iwe 8. Angalia mwili, uwe na vipande viwili tu: cha mbele ambacho kichwa na kifua vimeungana, na tumbo nyuma, katikati kuna kiuno chembamba. Ukiona vipande vitatu na miguu 6 huyo ni mdudu. Ukiona mwili wote ni kidonge kimoja bila kiuno na miguu mirefu kama nywele, huyo ni ndugu yao wa mbali, hana hata sumu.

Kuna wanaoigiza pia. Kuna buibui wadogo wanafanana na chungu kiasi kwamba mimi mwenyewe nimeshawapita mara nyingi, mwili umebanwa kati ili uonekane vipande vitatu, na ile miguu miwili ya mbele anainyanyua anaitikisa kama pembe za chungu. Ukimuona chungu anatembea peke yake kwenye jani, anasimama simama, alafu ukimsogelea anageuka kukutazama, hesabu miguu. Chungu halisi hana muda wa kukutazama.

Hatua ya pili: anaishi wapi na utando wake ukoje

Hapa ndipo unapopunguza kazi. Kabla hujasogea karibu, kabla hujajali rangi, simama mbali uangalie nyumba yake.

Utando wa duara kama gurudumu la baiskeli, umening'inia kati ya miti au nguzo: hawa ni wale wafumaji, wana rangi kali, wengi wakubwa, na karibu wote hawana madhara na wewe. Utando umevurugika kama nyuzi za fundi cherehani zilizoanguka chini, uko pembeni, chini ya kitu, karibu na ardhi, na ukiugusa unauona mgumu na unakatika kwa kishindo kidogo: hapo tulia, hapo ndipo wajane wanapokaa. Utando kama shuka jembamba juu ya majani lina tundu la kujifichia kama faneli: anakaa mlangoni anasubiri, akikuona anaingia. Na hakuna utando kabisa: ni wawindaji, wanaotembea ukutani, sakafuni au kwenye maua.

Wale wa darini wenye miguu mirefu miyembamba, ambao ukiwagusa wanatikisika kwa kasi mpaka huwaoni, hao pia utando wao umevurugika lakini uko juu kwenye kona ya dari na wao wenyewe ni kama uzi. Hao ndio wanaokuchafulia nyumba, basi. Ufagio unatosha.

Hatua ya tatu: piga picha nne, sio moja

Watu wananitumia picha moja imepigwa usiku kwa flashi, buibui ni kidoa cheupe kinang'aa, alafu "huyu ni nani?". Huyu ni flashi.

Picha ya kwanza juu, mgongo wote uonekane. Ya pili usoni, kwa sababu ya macho, nitaeleza. Ya tatu chini ya tumbo, na hii ndiyo watu hawapigi na ndiyo yenye maana kuliko zote. Ya nne utando wake na mahali alipo, na kama kuna mfuko wa mayai usiuache.

Ya chini unaipataje bila kumshika? Kama yuko kwenye utando, zunguka upande wa pili. Kama yuko ukutani, chukua glasi safi ya kuonea au kopo la plastiki, mfunike taratibu, alafu pitisha karatasi ngumu kati ya ukuta na glasi. Mimi natumia kadi za michango ya harusi, zimejaa ndani na ugumu wake ni ule ule unaotakiwa. Geuza, nyanyua juu ya kichwa chako, piga kutokea chini kupitia kioo. Ukimaliza mpeleke nje mwachie. Yule mkubwa mwenye manyoya usimfanyie hivi, yeye piga kwa mbali na zumu.

Mwanga uwe wa asubuhi, kivulini. Taa za ndani zinadanganya sana, taa ya njano inamfanya kijivu awe kahawia na hii nyeupe ya LED inamfanya kahawia awe kijivu. Weka kipande cha karatasi nyeupe pembeni, ukija kuangalia picha baadaye kama karatasi imetoka ya njano ujue na buibui ameongezewa njano. Weka na njiti ya kiberiti au sarafu ya 200 kwa ajili ya ukubwa, maana "mkubwa kama kiganja" ya mtu aliyeogopa mimi siiamini.

Hatua ya nne: macho

Buibui wengi wana macho 8, na jinsi yalivyopangwa ni kama namba ya gari. Kama ana macho mawili makubwa mbele yanakutazama kama taa za daladala, huyo ni mrukaji, maliza hapo, hana neno. Kama ana macho mawili ya wastani na manne madogo chini yake kwa mstari, na mawili mengine juu nyuma, huyo ni mbio mbio wa ardhini, yule anayebeba watoto mgongoni. Usiku vaa tochi ya kichwani au shikilia tochi usawa wa macho yako uangaze majani ya uani, utaona vinukta vya kijani vinameta kama vipande vya chupa, ni macho yao hao. Mara ya kwanza nilivyojaribu nilihesabu nikaacha, uani kwangu tu.

Macho 6 badala ya 8, yamepangwa mawili mawili kwa makundi matatu, ni wale ambao Wamarekani wanawaogopa sana, wenye alama ya fidla kichwani. Ukoo wao uko na huku Afrika Mashariki, wanajificha chini ya mawe na mapangoni. Lakini sikiliza, usimtafute kwa alama ya fidla, kwa sababu buibui yeyote wa kahawia mwenye kivuli kidogo kichwani mtu aliyeogopa atamuona na fidla. Hesabu macho. Yakiwa 8, sio yeye, hata angekuwa amebeba bendi nzima ya taarabu mgongoni.

Hatua ya tano: sasa rangi, ila kwa utaratibu

Soma rangi kama unavyosoma fomu, kutoka juu kushuka. Kwanza kipande cha mbele: rangi moja, au kuna mstari katikati, au mistari pembeni? Pili tumbo kwa juu: kuna umbo gani, jani, mifupa ya samaki, nukta, milia ya kukata? Tatu tumbo kwa chini. Nne miguu: rangi moja au ina pete pete kwenye maungio? Andika kwenye simu.

Na tumia majina ya rangi yanayosaidia. "Kahawia" peke yake haina maana, nusu ya buibui wa dunia ni kahawia. Sema rangi ya ugoro, rangi ya mchanga mbichi, rangi ya majivu, damu ya mzee, rangi ya maziwa. Mtu akiniambia "mgongo damu ya mzee, tumbo majivu, miguu ina pete" nimeshaanza kumuona.

Hawa ndio utakaokutana nao

Mjane wa kahawia nimeshakueleza lakini nirudie vizuri maana ndiye wa maana. Rangi yake inacheza, kuna wa mchanga, kuna wa ugoro, kuna ambao wamekolea mpaka karibu nyeusi, kwa hiyo rangi ya jumla isikushughulishe. Shika vitatu: miguu ina pete nyeusi kwenye maungio, chini ya tumbo kuna ile ngoma ya rangi ya chungwa au nyekundu, na mayai ni vile vishokishoki. Mgongoni mara nyingi kuna nukta nyeupe au za chungwa zimepangwa kwa mistari. Hicho kishokishoki ndiyo kitambulisho cha uhakika kuliko rangi yoyote, hata kama mwenyewe hayupo. Tafuta chini ya viti vya plastiki, kwenye mshikio wa ndoo ya taka, nyuma ya mtungi wa gesi, kwenye matundu ya tofali, ndani ya buti la bustani uliloacha nje. Ni mwoga, akisumbuliwa anajifanya amekufa, anauma akibanwa tu, kwa mfano ukiingiza vidole chini ya stuli kuinyanyua. Sasa hivi stuli nainyanyua kwa kushika juu.

Mjane mweusi wa kwetu Afrika ndiye anayechanganya watu. Picha zote za mtandaoni ni za yule wa Marekani, mweusi mwenye ngoma nyekundu chini ya tumbo. Wa huku wengi wao wekundu uko juu, nyuma ya tumbo karibu na mahali nyuzi zinapotoka, ni nukta au kamstari, na akizeeka unafifia mpaka anabaki mweusi mtupu, na chini hakuna kitu. Yani mtu anageuza, haoni ngoma, anasema salama. Kumbe aligeuza upande wa wa kahawia. Hawa weusi wanapenda zaidi mashambani na kwenye nyasi kavu kuliko ndani ya nyumba, kwa hiyo ukiwa unavuna au unafyeka mweusi anayeng'aa mwenye tumbo la duara muache hapo hapo.

Tukitoka kwa hao, wengine karibu wote ni starehe tu, ukimtoa yule mwenye manyoya nitakayemtaja mwishoni.

Yule mkubwa wa utando wa dhahabu, anayekaa kati ya nyaya za umeme na miembe, mwili mrefu kama kokwa ya tende, miguu mirefu yenye wekundu au pete za njano kutegemea na aina. Jua likipiga asubuhi uzi wake ni wa dhahabu kweli, sio mwanga unadanganya. Kuna joho lilifumwa kwa nyuzi za ndugu zake wa Madagascar, buibui zaidi ya milioni moja walikamuliwa uzi, likaonyeshwa London mwaka 2012 kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, na ile njano haikupakwa, ndiyo rangi yao. Kwenye utando huo huo utaona vibuibui vidogo vyekundu vyekundu, watu wanasema ni watoto. Mara nyingi ni waume. Mke mmoja mkubwa, waume watatu wanne wadogo wanasubiri pembeni kwa adabu.

Mwenye milia: tumbo lina milia ya njano, nyeusi na fedha inakata kwa upana, kichwa cheupe kama kimepakwa majivu, na miguu anaiweka miwili miwili mpaka anaonekana ana minne kama herufi X. Katikati ya utando wake kuna mshono mweupe wa zigizagi. Ukiona zigizagi na X umemaliza. Milia hiyo inamfanya aonekane wa kutisha, lakini hapana, mpole.

Mwenye pembe: mdogo, mgumu, mpana kuliko urefu wake, anafanana na kaa, ana miba 6 pembeni, na rangi yake ni mapambo ya harusi, kuna wekundu, wa njano, weupe wenye nukta nyeusi. Hapa ndipo usihangaike na rangi kabisa, aina moja inaweza kutoka kwa rangi mbili tatu, angalia umbo la pembe, ndefu au fupi, zimenyooka au zimepinda.

Buibui wa ukutani aliyebapa yuko wa namna mbili. Yupo mkubwa, miguu imetanuka kama kiganja, rangi ya kahawia hafifu, na jike ana mstari wa rangi ya maziwa chini ya macho kama masharubu. Huyu ndiye anayekula mende usiku. Ukimuona amekumbatia kitu cheupe kibapa kama sarafu tumboni, ni mayai yake, anatembea nayo hivyo hivyo. Watu wanamuua kwa kandambili alafu kesho wanalalamika mende wamezidi, mimi huwa nacheka. Mwingine ni mdogo, amebapa kabisa kama stika, rangi ya majivu yenye madoa, miguu ina pete, akigeuka anageuka haraka jicho halimfuati. Wote hawana neno.

Warukaji: kwenye mita yangu ya Luku anaishi mmoja, kila nikienda kuingiza namba za umeme anatoka ananiangalia. Dume ni mweusi mwenye mstari mweupe wa katikati kutoka usoni mpaka nyuma, jike ni wa kahawia mwenye njia ya rangi ya mchanga katikati, ukiwaona utadhani aina mbili. Nilimkaribia siku moja na kioo cha kukuzia, akanyanyua uso, vipapasio vyake viwili vya mbele vikawa vinacheza juu chini kama mtu anayekanda unga, nikasogeza kioo kulia akageuza kichwa kulia, kushoto kushoto. Hakuna buibui mwingine anayekufanyia hivyo.

Na kwa watu wa kanda ya ziwa kuna mrukaji wa kwao, Evarcha culicivora, wa pembeni ya Ziwa Victoria upande wa Kenya na Uganda, urefu kama nusu sentimita tu, uso mwekundu. Huyu anapenda mbu aliyeshiba damu, na hasa mbu wa malaria. Watafiti waliokuwa Mbita walimtambulisha rasmi mwaka 2003, na baadaye wakakuta anavutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa. Ukikuta karukaji kenye uso mwekundu kwenye ukuta wa nyumba yako huko, tafadhali sana kaache.

Wa kwenye maua: mweupe, wa njano au wa waridi, miguu ya mbele mirefu ameifungua kama anataka kukumbatia mtu. Baadhi yao wanabadili rangi kufuata ua, inachukua siku kadhaa. Kwa hiyo mweupe wa Jumatatu na wa njano wa wiki ijayo anaweza kuwa ni yule yule.

Alafu yule mkubwa mwenye manyoya. Hapa watu wa Tanga tutembee kifua mbele, kwa sababu duniani kote wanaofuga buibui wanalijua jina la Usambara kabla ya kujua Tanzania iko wapi. Pterinochilus murinus, wa rangi ya chungwa kali, mgongoni ana miale kama jua linachomoza na tumboni alama kama mifupa ya samaki. Anaishi kwenye mashimo na mizizini, mlango umepambwa utando. Lakini jamaa zake wa Kigoma ni weusi weusi kijivu, na kuna wengine rangi ya mchanga, wote jina moja. Ile miale na mifupa ya samaki ndiyo ya kushika, chungwa sio wote wanayo. Ukimsogelea ananyanyua miguu ya mbele na kuonyesha meno, na hatanii. Hajulikani kuua mtu ila maumivu yake na misuli kukaza ni vya siku kadhaa. Kuna na yule mwingine mkubwa zaidi, rangi ya kutu, wa Kenya na huku kwetu, miguu ya nyuma minene imepinda kama ya mpiga mweleka, anachimba shimo refu. Wote wawili utawaona kwa nadra, wakati wa mvua madume wakitoka kutafuta wake.

Mahali rangi inapokudanganya

Watoto hawafanani na wazazi. Mjane mdogo ana weupe mwingi na michoro mingi, anakuja kukolea baadaye. Buibui aliyetoka kujivua gamba (gamba la kweli, sio la siasa) anakuwa amepauka, laini, rangi za maziwa maziwa, kwa siku moja mbili, na gamba lenyewe limening'inia pembeni watu wanalipiga picha wakidhani ni buibui wa pili. Dume na jike kama nilivyosema. Aliyekufa anabadilika, kijani kinageuka kahawia, na aliyewekwa kwenye spiriti ndiyo kabisa.

Dume utamjua kwa vile vipapasio viwili vya usoni, kwa dume vimevimba mbele kama glovu za ngumi. Vikiwa vyembamba ni jike au bado mtoto, na mtoto huwezi kumtaja jina la uhakika, usijilazimishe. Wataalamu wenyewe wana aina zaidi ya 50,000 zilizoandikwa, na nyingi wanazitenganisha kwa kuangalia viungo vya uzazi kwa darubini, sio rangi.

Apu za kutambua viumbe zinasaidia, mimi natumia iNaturalist kwa sababu kuna watu halisi wanakuja kusahihisha. Ila usikubali jibu la kwanza la mashine yoyote. Kuna apu moja niliipa picha ya yule wa mende ikanijibu kwa uhakika kabisa jina la buibui anayeishi Australia. Kila ukipewa jina, kwanza angalia ramani, anaishi huku au hapana?

Malengelenge na "buibui kanikojolea"

Hii lazima niiseme. Kwetu mtu akiamka ana mchirizi wa malengelenge shingoni au kwenye kope, jibu ni moja, buibui kakukojolea. Mara nyingi ni nairobi flai. Yule ni mdudu, miguu 6, mwembamba chini ya sentimita moja au hapo hapo, kichwa cheusi, kifua chungwa, kamfuniko ka mabawa kanang'aa bluu au kijani, tumbo chungwa, mkia mweusi. Hakuumi wala hakukojolei, ana sumu ndani ya mwili na ukimponda kwenye ngozi ndiyo inakuchoma, malengelenge yanatokea baada ya siku moja mbili ndiyo maana hukumbuki. Wanajaa mvua zikinyesha na wanafuata taa. Mpulize, usimponde, ukishamgusa osha na sabuni, na mikono usipeleke machoni. Mchirizi wa upande mmoja wa mbavu unaouma kama moto unaweza kuwa mkanda wa jeshi, huo ni wa hospitali.

Bibi yangu alikuwa hataki tuwaue buibui kabisa, kwa kile kisa cha pango la Thaur, buibui aliyefuma mlangoni wakati Mtume amejificha na Abubakar. Ila lawama za malengelenge aliwapa hao hao.

Ukiumwa kweli na umemuona: osha na sabuni, weka barafu iliyofungwa kitambaani, usichanje, usinyonye, usiweke jiwe jeusi wala mafuta ya taa. Kama maumivu yanapanda, misuli ya tumbo inakaza, jasho linakutoka, unatapika au kupumua kunakuwa shida, au aliyeumwa ni mtoto mdogo au mjamzito, nenda hospitali usisubiri kukuche. Picha ya buibui ipeleke kwenye simu, au mwenyewe hata kama amepondwa muweke kwenye kopo. Daktari akiona ile ngoma ya chungwa kazi yake inakuwa fupi.

Sasa hivi dirishani kwangu kuna mmoja ana wiki ya pili. Rangi ya mchanga, mistari mitatu ya ugoro mgongoni, miguu haina pete, macho sijayapata vizuri anajificha kwenye wavu wa mbu, vipapasio vyembamba. Bado mtoto nadhani. Nimempiga picha nne na njiti ya kiberiti pembeni, namsubiri ajivue.